Nyuzi za Tefiro Sufuriani

"Ukiacha kupiga, nani atajua?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza Tefiro siku nilipomwona mara ya kwanza. Nilikuwa darasa la tatu, mdomo umejaa muwa, na sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilitaka kujua tu. Mwenye gita la solo akinyamaza, wimbo unapata tundu na kila mtu analiona. Mwimbaji akikohoa, watu wanamgeukia. Mpiga ngoma akiangusha fimbo, watoto wanacheka. Lakini huyu mzee aliyesimama nyuma kabisa, mgongo karibu na ukuta, anavuta nyuzi nne nene polepole kama mtu anayefungua mlango asiamshe waliolala, yeye akiacha?

Bendi nzima iliangua kicheko. Tonny, mwimbaji wao, akasema ndani ya kipaza sauti, "Tefiro, umeulizwa na polisi! Jibu haraka kabla hujafungwa!"

Alisema hivyo kwa sababu mimi ni mtoto wa polisi. Baba yangu ni sajini. Kwetu ni Kitgum, mbali kule kaskazini, lakini nilikulia hapa Bwera katika kambi ya polisi, ambako Mwacholi, Mganda na Mnyankole wanagombania bomba moja la maji kwa Kiswahili.

Tefiro hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni, naye hataki kumpoteza.

"Ile swali iko muzito," akasema. "Nitakujibu. Lakini si leo."

Aliyejibu siku hiyo ni mkewe, Loyi, aliyekuwa mlangoni akichambua maharage. "Mimi nitajua! Siku ataacha, nitarudishiwa sufuria yangu."

Wakacheka tena. Mimi sikuelewa besi na sufuria vinahusiana vipi, na kitu nisichokielewa huwa hakiniachi nilale. Nikaanza kwenda kwao kila Jumapili.

Lazima nieleze nilivyofika pale siku ya kwanza. Nyumba yetu kambini ilikuwa ile ya bati ya duara ambayo watu huiita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi, na mama asipoinama ataacha kitambaa chake cha kichwa nje. Jua likiwaka ni tanuri. Mvua ikinyesha husikii hata filimbi ya afande. Jumapili hiyo nilikuwa peke yangu na chai yangu, mara nikaona kijiko kinatetemeka ndani ya kikombe. Tri-tri-tri. Kikanyamaza. Kikaanza tena. Hapakuwa na lori lililopita. Nikadhani ni ardhi, maana huku chini ya Rwenzori ardhi hutikisika ikipenda, lakini ardhi haina mapigo ya kurudiarudia. Nikaweka kiganja ukutani. Bati lilikuwa linaongea!

Nikatoka. Nikapita kwenye tundu la uzio ambalo kila mtoto wa kambi analijua na kila mzazi anajifanya halijui, nikatokea nyumbani kwa Tefiro, kwenye ghala la zamani la kahawa ambamo Orkestra Lhubiriha ilikuwa inafanya mazoezi. Lhubiriha ni mto wetu wa mpakani. Ng'ambo yake ni Kongo. Solo nililisikia nilipofika mlangoni tu. Lakini kile kitu cha Tefiro kilikuwa kimekuja mpaka mezani kwetu kunichukua.

Basi, huyo ndiye Tefiro. Alizaliwa Bwesumbu, juu kule kwenye miteremko ambako mtu akianguka shambani kwake anaokotwa shambani kwa jirani. Alipokuwa kijana alishuka na magunia ya kahawa hadi Kasese. Siku moja alitua gunia akaegemea ukuta wa klabu kupumzika. Mle ndani bendi ilikuwa inapiga mchana. Aliniambia kwamba mgongo wake ulisikia kabla ya masikio.

"Nilifikiri ni moyo yangu," alisema. "Nikasema, ee, gunia imeniua."

Ndani alikuwa Kosmasi, mpiga besi aliyewachezesha wachimba shaba wa Kilembe zamani zile, mwenye vidole vinene kama ndizi za kuchoma. Tefiro alianza kwa kumbebea spika. Baadaye akaruhusiwa kulishika gita wakati Kosmasi anakula. Kosmasi, bahati nzuri, alikuwa mtu wa kula sana.

Kisha akavuka kwenda Butembo kumtafuta mtu ambaye kila mpiga gita wa mpakani alikuwa anamtaja, Asanasio. Asanasio alipiga kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi wengine walichanganyikiwa wakamkimbia, lakini Tefiro alikaa mbele yake uso kwa uso, akaona ni kama kujitazama kwenye kioo: kidole cha mwalimu kikienda huku, chake kinakwenda hukuhuku. Alivuka tena akakaa hapa Bwera, akiwa na gita la besi lililopigwa msumari shingoni na fundisho moja kutoka kwa Asanasio: usijaze. Wimbo ni nyumba, ukiijaza vyombo, watu watakaa wapi?

Lakini wapiga besi aliowapenda kuliko wote hakuwahi kuwaona, na hakujua hata majina yao. Alikuwa na sanduku la kaseti za Kongo, zimesikilizwa hadi maandishi yamefutika.

"Juu ya kaseti banaandika jina ya mwimbaji," alinilalamikia kwa Kiswahili chake cha mpakani, chenye "ba" mahali pa "wa". "Banaandika ya musolo. Banaandika hata ya mutu mwenye duka. Mwenye besi? Hapana. Hata herufi moja."

Kwa hiyo aliwapa majina mwenyewe. Mmoja alimwita Fundi Saa. Mwingine Mjane, kwa sababu alipiga kama mtu asiyemngoja yeyote. Mwingine Kiatu Kimoja. Tuliweka redio mezani, nikataka kuinamia spika, naye akanizuia.

"Usisikilize na masikio. Masikio iko na kelele yake. Weka mukono ku meza."

Nikaweka. Na kweli, chini ya zile gita zote za kukimbiakimbia, nikamkuta mtu anatembea. Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi.

"Anachechemea!" nikasema.

"Njo yeye! Kiatu Kimoja!" Tefiro akapiga paja kwa furaha; "njo" yake ndiyo "ndiye" yetu. "Na ngoja mwisho. Anaharakisha. Kila siku anaharakisha mwisho. Nafikiri bibi yake alikuwa anaita chakula."

"Baba Kambale," nikasema, kwa jina la mwanawe kama wote tulivyomwita, "lakini huyu ni mtu wa kweli?"

Akanikasirikia kidogo. "Umemusikia na mukono yako, halafu unaniuliza kama iko?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa pia habari ya sufuria. Nyuzi za besi hazipatikani Bwera kama sabuni. Ni mpaka mtu asafiri Kampala au Goma, na akumbuke. Zile ulizo nazo zinashika jasho na vumbi, na baada ya muda zinalala: unavuta, zinatoa sauti kama mtu anayejibu bila kutoa kichwa ndani ya blanketi. Basi Tefiro alizifungua, akazikunja, akazichemsha kwa maji ya majivu ndani ya sufuria ya Loyi, halafu akazianika kwenye kamba ya nguo katikati ya mashati. Zikikauka zinaamka, kwa muda.

"Lanyero, karibu chakula," Loyi angeniita nikichungulia. "Leo ni supu ya waya."

"Iko na nyama, Mama Kambale?"

"Iko na jasho ya bwana yangu. Inatosha."

Besi peke yake haikuweza kumlisha mtu na familia. Miezi ya kiangazi Tefiro alikwenda Nyakalengija, ambako wapagazi huwabebea watalii mizigo kupanda Rwenzori. Yeye siku zote alibeba jiko na masufuria, mzigo ambao wengine waliukimbia. Nilidhani mwenye mzigo kama huo hufuata nyuma akijikokota. Akanicheka.

"Kwetu sisi bapagazi, mwenye muzigo muzito anatangulia. Ukimuweka nyuma, bale wepesi batakimbia. Ukungu itaingia katikati, na yeye atabaki mu matope peke yake. Ukimuweka mbele, bote banatembea kwa muguu yake. Mutafika pamoja."

"Na watalii hawakasiriki kwamba mnakwenda polepole?"

"Bazungu? Banafikiri ule wa mbele njo kiongozi. Banamupiga picha."

Sasa nimfikie Kambale, mwana wao. Alipokuwa mchanga, Loyi alikuwa anauza vitenge sokoni Mpondwe, hapo hapo mpakani, na mtoto aliachwa kwa baba. Tefiro alimfunga mgongoni kwa kitenge, akavaa gita mbele, akaendelea na mazoezi. Kambale akilia, Tefiro alivuta uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, na mtoto akalala. "Kunyonyesha nilinyonyesha mimi," Loyi alisema. "Lakini ile mutoto ililelewa na waya."

Mtoto akakua, akachagua solo. Na alijua! Vidole vyake viliteremka kwenye zile nyuzi nyembamba kama mbuzi kwenye mteremko, unashika roho, unasema sasa ataanguka, haanguki. Ndiye aliyekuwa anashangiliwa. Ndiye ambaye wasichana wa sekondari walijua jina lake, hata wale waliojifanya hawajui. Alipofikisha umri, bendi ikawa mikononi mwake. Alisimama mbele, na baba yake akasimama nyuma yake, mahali pale pale karibu na ukuta.

Siku moja nilimuuliza Tefiro kama hataki naye siku moja asimame mbele.

"Nifanye nini mbele?" akasema. "Ile mutoto ilikuwa ku mugongo yangu. Sasa mimi niko ku mugongo yake. Nataka tu nizeeke pale."

Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Nilipokuwa darasa la sita, Kambale alirudi kutoka Kampala na kinanda cha umeme. Kilikuwa cheusi, kirefu, chenye vitufe vya kila rangi, na sote tulikizunguka kama ndama aliyezaliwa na vichwa viwili. Kambale alibonyeza kitufe, ngoma ikajipiga. Akabonyeza kingine, besi ikajipiga.

Tefiro alikitazama muda mrefu. "Inajipiga yenyewe?"

"Yenyewe, baba."

"Na inasikia?"

"Inasikia nini?"

Kambale akacheka, lakini si kicheko cha dharau, hapana. Alikuwa kijana mwenye heshima. Akasema, "Baba, magoti yako yamechoka na ule mlima. Harusi za siku hizi ni za haraka haraka. Pumzika. Umefanya kazi ya kutosha."

"Sawa," Tefiro akasema.

Ni hivyo tu. Alifungua nyuzi, akalifunga gita ndani ya shuka, akaliweka juu kwenye boriti. Na kwa kuwa spika zilikuwa bado zinahitaji kubebwa, akazibeba. Alikwenda nao kwenye kila sherehe, akazishusha, akaunganisha waya, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jukwaa mpaka wakati wa kuzibeba tena.

Nilifuatilia kuona kama kuna atakayeuliza. Harusi ya kwanza watu walicheza. Ya pili walicheza. Kule mjini Kasese walicheza mpaka wakavunja benchi. Hakuna mtu aliyesema, "Mbona yule mzee wa nyuma hayupo?" Hata mmoja. Niliona kama swali langu limejibiwa na watu wengine, na jibu lenyewe sikulipenda.

Mambo mawili tu yalibadilika. Kijiko chetu kambini kilitulia kikombeni, maana spika ndogo ya kinanda iliongea na masikio, haikujua kuongea na bati. Na Loyi aliacha utani. Nilimkuta siku moja anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Imerudi," aliniambia. "Unaona vile iko safi? Naichukia."

"Baba Kambale anasema nini?"

"Hasemi kitu. Akikaa kula, vidole inatembea ku meza. Mimi nashika kikombe yangu, nanyamaza."

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Afande Benon wa kambini kwetu alikuwa anamwoza binti yake, Musimenta, dada mkubwa mzuri ambaye alinisuka nywele tangu nikiwa mdogo. Sherehe ya kumuaga bi harusi ilifanyika mchana kwenye uwanja wa kambi. Mahema yalisimikwa, majani yalifyekwa, askari waliokuwa zamu wakawa wanazunguka zunguka karibu na pilau bila sababu ya kiusalama. Orkestra Lhubiriha ilialikwa.

Watu wa Afande Benon walikuja kutoka Bushenyi. Katika ukoo wao, nyanya wa bi harusi hubeba kikapu cha ulezi alioulima mwenyewe, akakipeleka kichwani kwa kucheza mpaka miguuni kwa wazee wa bwana harusi. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa mpaka akitue mwenyewe. Na kikituliwa njiani, wanasema ndoa nayo itatuliwa njiani. Nyanya wa Musimenta alikuwa mfupi, mkavu, macho makali. Kikapu chake kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake. Mashangazi walikuwa wamemsihi apunguze. Akawajibu kwamba mjukuu wake haolewi na panya.

Akatangulia. Nyuma yake mstari wa mashangazi wenye vikapu vya ndizi, vibuyu, mikeka, kuku. Tonny akawakaribisha kwa maneno matamu. Kambale akabonyeza kitufe.

Muziki ulitoka mbio. Nyanya akaanza vizuri, akainua mabega, watu wakampigia vigelegele. Hatua chache mbele nikaona magoti yake yanatafuta. Mguu wake ulikuwa unashuka, lakini pigo lilikuwa limeshapita. Akaharakisha alifikie, kikapu kikayumba. Mashangazi wenye mizigo myepesi wakamkaribia kwa nyuma, wanacheza, wanamsukuma bila kujua. Katikati ya uwanja, akasimama.

"Nyanya, songa!" Tonny akasema kwa furaha. "Songa mbele, mama, wakwe wana njaa!"

"Sisongi!" nyanya akapiga kelele kutoka chini ya kikapu. "Muziki gani huu? Unanifukuza kama nimeiba ulezi!"

Watu walicheka. Kisha wakaona shingo yake inatetemeka, kicheko kikafa. Hakuweza kwenda, hakuweza kutua. Shangazi mmoja akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha. Chini ya hema Musimenta alikuwa ameshika shela yake kwa mikono miwili, machozi yanashuka juu ya poda. Kambale alibonyeza kitufe apunguze mwendo, akakosea, kinanda kikaanza wimbo wa Krismasi.

"Zima hiyo mashine!" Afande Benon akanguruma. "Zima! Sasa hivi!"

Kambale akachomoa waya. Uwanja mzima, na mwanamke mmoja mzee na mzigo wake katikati.

Nikamwona Tefiro anainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Gita lake lilikuwa nyumbani juu ya boriti, halina hata uzi mmoja. Alivua viatu, akaviacha hapo, akakatiza uwanja. Nilidhani atakwenda mbele ya nyanya amwongoze. Hakwenda mbele. Aliwapita mashangazi, akawaonyesha kwa kiganja warudi nyuma, akasimama nyuma ya nyanya, karibu, bila kumgusa.

"Mama," akasema, "wewe njo uko na muzito. Tangulia. Sisi tuko nyuma yako."

Tefiro akawa anatazama miguu ya nyanya. Alingoja. Mguu wa nyanya uliinuka kidogo, ukasita, ukashuka, na ulipogusa majani Tefiro akatoa sauti kifuani, mdomo karibu umefungwa:

"Ndu."

Akangoja tena. Mguu wa pili ulichelewa, naye akachelewa nao.

"Ndu. Ndu-ndu."

Hakuwa anampigia wimbo autembelee. Alikuwa anauchukua wimbo kutoka miguuni mwake na kumrudishia. Hatua ya tatu, ya nne, shingo ikatulia. Kathembo, mpiga ngoma, akaweka fimbo chini, akaanza kupiga kwa vidole, taratibu. Mashangazi wakapata hatua. Na Kambale, aliyekuwa amesimama kama mtoto aliyepotea sokoni, akachukua gita lake. Akatia noti moja. Akanyamaza. Akatia mbili mahali baba yake alipokuwa ameacha nafasi. Sikuwahi kumsikia akipiga kidogo hivyo, wala vizuri hivyo. Mbuzi wote walikuwa wamerudi nyuma ya mchungaji.

Walifika. Nyanya akapiga magoti, akatua kikapu chini kwa mikono yake mwenyewe, na uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Musimenta alimkimbilia. Wakwe walimpepea. Afande Benon alijifuta macho kwa kofia ya kazi. Kila mtu alimshangilia nyanya, na ilikuwa haki. Tefiro alikuwa ameshavaa viatu, yuko nyuma ya jukwaa anakunja waya.

Nilikuwa nampelekea nyanya maji aliponishika mkono. "We mtoto," akasema. "Yule mwanamume aliyekuwa ananibeba yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna aliyembeba, hairuhusiwi. Akanitazama kama anayemtazama mjinga, akanywa maji.

Siku iliyofuata nilipita kwenye tundu la uzio mapema baada ya ibada. Sikumkuta Loyi jikoni. Alikuwa Kambale, amechuchumaa kwenye mafiga na suruali yake nzuri ya harusi, anapuliza moto, na ndani ya sufuria nyuzi nne zinachemka. Baba yake alikaa kwenye kigoda, gita limelazwa mapajani, anafuta vumbi la boriti.

"Weka majivu kidogo," Tefiro akasema.

Kambale akaweka. Baadaye Kambale akasema bila kugeuka, "Baba, mwaka mzima sijapata pa kukanyaga."

"Najua."

"Ulijuaje, na hukusema?"

"Nilikuwa naona mugongo yako," Tefiro akasema. "Unafikiri nilikuwa nakuja kwa sababu ya kubeba spika?"

Loyi aliingia na kuni, akaona sufuria, akasimama. "Eeeh! Sasa beko wezi wawili!" akasema, na akaketi chini haraka akajifanya kuna moshi machoni.

Kinanda hakikutupwa. Kathembo alijifunza kukipiga, na kwa nyimbo za kanisani kinafaa sana. Lakini jioni ya Jumapili ile, nilipokuwa nakunywa chai yangu, kijiko kilianza kutetemeka ndani ya kikombe. Mama akakishika anyamazishe kelele. Nikamwomba akiache.

Baba yangu alipata uhamisho Januari hii. Tunakwenda Lira, nami nitaanza kidato cha nne katika shule nisiyoijua. Lori la polisi lilikuja asubuhi, na nusu ya Bwera ikaja kupakia. Kambale na Kathembo walibeba vitanda. Tefiro siku hizi hapandi tena mlima, magoti yamekataa, lakini alikuja na fimbo yake, na Loyi akatuletea ndizi za njiani.

Mama ana jiwe la kusagia alilopewa na mama yake. Haruhusu litupwe kwenye lori kama kitu cha kawaida. Nikasema nitalibeba mimi. Nilipolitia kichwani nikajuta, lakini nilikuwa nimeshasema. Wadogo zangu wakanipita mbio, mmoja na mto, mwingine na ndoo tupu, wananizomea kwamba natembea kama kinyonga.

"Ninyi ba mito, mukuje nyuma!" Tefiro akawafokea. "Hamukufundishwa? Mwenye muzito anatangulia!"

Wakarudi nyuma, wanacheka. Nikapiga hatua. Na nyuma yangu, chini kabisa, nikasikia:

"Ndu. Ndu-ndu."

Sikuisikia kwa masikio. Niliisikia kwenye nyayo, kisha mgongoni, na jiwe likawa jiwe tu, si mlima. Nilikwenda nalo hadi kwenye lori. Nilipolitua na kugeuka, Tefiro alikuwa ameegemea fimbo, anapumua, anatabasamu.

"Mutoto wa polisi," akasema. "Siku moja uliniuliza kitu, na muwa mu kinywa."

"Nilikuuliza, ukiacha kupiga, nani atajua."

"Eeh." Akafikiri kidogo, kama kawaida yake, asije akanipoteza njia. "Mwenye kubeba muzito, huyo atajua. Baliobaki, wacha bacheze."